Chama cha Okaoni na Narumu

Mashine mpya, plastiki bado haijabanduliwa kiooni,
nikafungua folda ya kahawa ya msimu.
Chama cha Okaoni na Narumu:
nikafupisha, kama tufupishavyo kila kitu hapa Moshi,
herufi tatu, CON, nikabonyeza.
Ikakataa.

Nikarudia kwa herufi ndogo. Nikazima, nikawasha.
Ikakataa kwa adabu ileile
ya karani wa benki anayejua huna kitambulisho.
Ndeshukurwa, mhasibu, akashusha miwani:
"Umeikosea nini?"

Usiku, chumbani kwangu Majengo, nikachimbua.
Jina lile lina mwenyewe.
Mama yangu hajavunja ungo,
watu fulani, mbali, mbele ya mashine
isiyoweza kubeba hata picha moja ya harusi,
waliipa meza ya mwendeshaji jina hilo,
wakasema asipewe mwingine.
Meza imekufa. Waliolipanga wamestaafu.
Nyumba nzima imejengwa upya juu yake, mara ngapi sijui,
na amri ipo palepale, haina mlinzi,
ila nani athubutu kuing'oa?
Huenda pahali fulani kuna programu kongwe
inayolipa pensheni za watu
na mgongo wake umeegemea hapo.

Kwa shangazi Aikande, Okaoni juu,
fundi wa nyumba ya vigae aliacha tundu
chini ya ukuta wa jiko, mfongo upite.
Ulichimbwa na nani? Ukoo uliokwisha hama.
Bomba lipo. Mita ipo.
Ukilala kwake usiku wa Machi
unasikia maji ya watu yakipita chini ya sufuria.

Basi tukageuza: Narumu na Okaoni. CNO.
Ikakubali papo hapo.
Mkutano mkuu ukawaka.
"Narumu wametutangulia tangu lini?"
Mmoja akavaa kofia, akatoka, hata chai hakunywa.
Ningewaambiaje kwamba si siasa,
kuna mtu alipita hapa kwanza,
hakuwajua, wala hakuwadharau?
Kwenye muhtasari nikaandika: sababu za kiufundi.

Sikuwacheka sana wale wa mbali.
Mwaka ule wa mvua mbaya, mizani ilipokuwa ikizidisha,
niliandika mstari mmoja wa kutoa nusu kilo kila gunia,
na pembeni, kwa mkono wa haraka:
ya muda tu, nitaondoa Ijumaa.
Ijumaa hiyo sasa ina miaka kumi na moja.
Mizani imebadilishwa mara mbili.

Jana nimefungua faili, jasho likinitoka.
Mstari wangu upo.
Chini yake mtu mwingine, simjui,
ameongeza mstari wa kurudisha nusu kilo ileile.
Hakuandika jina. Hakuandika kwa nini.

Nimeiacha yote miwili.