Chochea

Kitenzi cha leo: chochea.
Nimekiandika ubaoni saa tano na dakika arobaini,
jua la Ipuli limekalia bati,
chaki yenyewe kipande, kama jino la mtoto.

Nikasoma maana kama nilivyoisoma miaka kumi na tisa:
moja, sukuma kuni ndani ya moto ili uwake;
mbili, tia watu ari, au watie fitina.
Nikanyambua: chochewa, chocheka, chocheana.
Mchochezi nikamtaja kwa sauti ya chini, ana kesi huyo.
Wakanakili. Nami
nilikuwa nawaza bei ya mafuta ya alizeti.

Ndipo Nyanzala wa dawati la mwisho,
mtoto wa Kitunda huko, Sikonge,
ambaye tangu Januari sijamsikia zaidi ya "nipo",
akasema: Mwalimu, hiyo ya kwanza haijatimia.

Haijatimia vipi?

Akasimama. Kwao kuna bani la tumbaku,
na zamu yake ilikuwa saa tisa usiku.
Kuwasha, alisema, yeyote anawasha.
Kuchochea ni pale unapoukuta moto umenuna,
majivu yameufunika mpaka shingoni,
na wewe unajua, kwa harufu tu, bado umo.
Huanzi na kuni mpya. Unasogeza zilizopo.
Gogo lililoungua upande mmoja unaligeuza,
upande wa pili nao uulizwe.
Ukizidisha, jani linaungua
na baba hasemi na mtu wiki nzima.
Ukipunguza, linaota ukungu.
"Kwa hiyo, Mwalimu, moto ambao haujawahi kuwaka
huwezi kuuchochea."

Akaketi. Mmoja akacheka, akaacha.
Rimu ya lori ikagongwa, wakatoka kwenda kula makande,
nami nimesimama na kile kipande cha chaki.

Usiku, Isevya, nimepanda kiti,
nikashusha kutoka juu ya kabati
daftari la maneno nililolianza nikiwa kijana,
nikidhani nitafika Z kabla sijaoa.
Panya wamekula kona. Neno la mwisho: chikichi.
Hata nukta sikuweka.

Nimeruka chimba, nimeruka chini, nitayarudia.
Kalamu iligoma; nikaipulizia ncha.

Chochea: kitenzi elekezi. Maana ya kwanza,

hapo nimeacha mistari minne mitupu.
Kesho nitamuuliza
kuhusu ile harufu.