Kiraka

Miaka kumi na tisa nashona viraka vya watu
hapa Harehills, Leeds, kando ya duka la simu:
goti la suruali ya mwashi, kiwiko cha koti la mwalimu.
Daktari aliponiambia, "Tukujaribu na kiraka,"
nilicheka hadi akaweka kalamu chini.
Alidhani nimeanza kulia.
Hakukosea sana.

Januari. Theluji imelalia magari,
na mimi usiku wa manane dirisha wazi, kifua nje,
joto linanipanda kutoka kiunoni hadi utosini
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Khelef kajiviringisha mablanketi mawili na kofia ya sufu.
"Tumu, utatuua kwa baridi."
"Lala. Nikifunga nitakufa peke yangu."
Asubuhi nikamkuta amevaa soksi zangu.

Lingekuwa joto tu, ningevumilia.
Lakini nilitafuta neno kastabini mchana kutwa
na kastabini imo kidoleni.
Suruali ya bwana mmoja niliipunguza inchi tatu badala ya mbili;
nikalipa.
Na yale ya chumbani, tuliyofundwa kuyataja kwa mafumbo,
yakawa makavu, yakawa kisu,
nikayanyamazia, maana kunyamaza nako tulifundwa.
Somo yangu alinionyesha mlango damu inapoingilia.
Wa kutokea hakuutaja.

Daktari Sohal ana kifeni kidogo mezani,
kinazunguka katikati ya baridi hii.
Nikakitazama. Akaniona nakitazama.
"Estrojeni," akasema, nikamwomba arudie.
Mimi nilidhani ni mambo ya mji wa mimba tu.
Kumbe ilikuwa kwenye mifupa, kwenye mishipa ya moyo,
kwenye ngozi, kibofu, usingizi,
hata kwenye kabati la maneno.
Nikaelewa kwa cherehani:
ni uzi wa chini, ule wa bobini.
Juu huuoni. Siku ukiisha
sindano haina habari, inaendelea kupiga,
kitambaa kinatoboka, kinatoboka,
wala hakishikani.

Mama yangu, Wete, hamsini na minane,
aliinama kuokota kijiko.
Kijiko tu. Nyonga ikaenda.
Kabla ya hapo miaka mitano akitoka uani usiku
kujimwagia maji, kanga ikimganda mwilini.
Tulisema jini. Tulisema uzee. Tulisema qadari.
Hakuna aliyesema uzi umekwisha.

Si dawa ya kila mtu, daktari alisema,
wala si ya kurudisha ujana.
Aliuliza titi la shangazi yangu lilikatwa mwaka gani.
Aliuliza kuganda kwa damu, presha, sigara.
Akaongeza kidonge cha usiku,
cha kulinda bitana ya mji wa mimba.
Alisema ukuta. Bitana ni neno langu.

Sasa Jumatatu na Alhamisi nabandua, nabandika,
chini ya kiuno, upande huu, kisha ule.
Pembeni kinanasa nyuzi za dukani:
wiki ya sare za shule kikatoka na ukingo wa kijani,
wiki ya harusi ya Wapunjabi, dhahabu.
Usingizi umerudi kwa awamu, kama mdeni.
Neno kastabini limerudi.
Goti la kushoto bado.

Jana aliingia Denise, dereva wa basi,
kola imelowa, uso kama bitiruti,
akatupa koti lake la baridi juu ya meza.
"Toa bitana. Yote."
Nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri.
Sikumwuliza kwa nini.
Nikachukua mkasi, nikaenda kufungua mlango wa duka,
tukasimama pale kizingitini, wanawake wawili,
mvuke ukitutoka shingoni.
"Wewe pia?" akasema.
Nikapandisha blauzi kidogo, nikamwonyesha
kazi ya fundi mwingine.