Kikombe cha Chumvi

Saa kumi alasiri, na Dundee imeshafumba macho.
Mvua hainyeshi, inakuja ubavuni,
inatuchapa makofi sisi wapanda ngazi
na mifuko yetu ya bei ya punguzo.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, ni kwa Bwana Rennie.
Hauna shada la majani kama milango ya chini.
Una kibao cha shaba chenye jina la Isobel,
na Isobel alizikwa Machi.

Ukuta wetu ni mmoja, mwembamba.
Naisikia luku yake ikilia usiku,
mlio mfupi, mlio mfupi, kisha kimya.
Namsikia akihesabu sarafu mezani.
Namsikia akiiaga redio: "Haya, lala salama."

Wiki iliyopita nilimpelekea supu.
Alifungua mlango upana wa kiganja.
"Nimekula," akasema, midomo imemgeuka buluu.
"Wapelekee wenye shida."
Nikarudi na supu yangu, nikainywa nimesimama,
nina hasira kana kwamba amenitemea mate.

Ndipo nikalikumbuka koti.
Baridi yangu ya kwanza hapa, mama mmoja wa kanisani
aliniletea koti zito la kijani, limefuliwa, limenyooshwa.
Nikamwambia, "Asante, ninalo."
Sikuwa nalo.
Nilikuwa na sweta mbili na kiburi.

Mkesha wa Krismasi nikachukua kikombe kitupu.
Kabatini nilikuwa na chumvi, pakiti mbili;
nikazifunika taulo, utadhani zina mdomo.
Nikagonga.
"Bwana Rennie, samahani, nimeishiwa chumvi,
maduka yamefungwa, na sufuria iko motoni."

Mlango ukafunguka wote.
Mtu aliyekunjika kama barua ya zamani
akakunjuka mbele yangu.
Akapekua makabati, akahamisha makopo,
akamlaumu Isobel kwa kuficha vitu,
akamwomba Isobel radhi.
Akamimina. "Inatosha? Chukua zaidi. Chukua."
Kikombe kikafurika: chumvi ya kupikia harusi.

Anayetoa husimama wima.
Mimi na supu yangu
nilitaka kusimama peke yangu.

"Kwetu," nikamwambia, "mwenye chumvi
sharti aje kuonja."
Ulikuwa uongo, niliutunga palepale mlangoni,
na bado naona haya kidogo kuusema.

Akaja siku ya pili saa saba kamili,
tai shingoni, nywele amezilaza kwa maji,
na kiti mkononi.
Kiti cha mbao, chenye mto alioushona Isobel.
"Nasikia kiti kimoja tu kikiburuzwa huko kwako," akasema,
"miaka minne sasa."

Kumbe ukuta una masikio pande zote mbili.

Tukala pilau. Chumvi ilizidi, na hakuna aliyesema.
Alichambua iliki moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani
kama mtoto apangaye askari.
Akanisimulia kiwanda cha gunia alichoanzia kazi,
nikamsimulia mama anavyonipigia simu
na mimi ninavyomwambia nimealikwa mahali, kuna watu tele.
Kule kwake luku ilipumzika mchana kutwa.

Giza lilipoingia akainuka, akashukuru, akatoka.
Nikamfuata mlangoni.
"Bwana Rennie, umesahau kiti."

Alikuwa ameshaingiza ufunguo.
"Sijasahau," akasema.