Pindo na Mji

Mayai sita yalitoka Limuru ndani ya bati la maziwa,
yamezikwa katika pumba za mpunga.
Shekuwe aliyapakata basi zima hadi Mokowe,
akavuka nayo, hathubutu kukohoa.
Matatu yalikuwa viza.
Kifaranga mmoja paka wa Langoni walimkaribisha kwa desturi yao.
Wakabaki wawili: pora wa dhahabu, tembe wa fedha.

"Wayandoti," akasema Shekuwe, akilitafuna jina.
Mwanashee wa nyumba ya pili hakulisikia vizuri.
"Wa ndoto? Basi wafuge usingizini,
huko darini tumeanika nguo."
Jina likashika.

Mimi ni mshona kofia. Kazi ya ukingo naijua.
Niliokota unyoya wa tembe, nikauweka kiganjani:
mji mweupe, pindo jeusi,
na pindo limeufuata mzingo wote bila kukatika,
jembamba shingoni, nene kidogo kifuani.
Leso ndogo isiyoandikwa jina.
Nikatafuta kosa la sindano.
Nikautafuta tena kwa miwani.

Wanasema leso iliitwa kanga kwa ajili ya yule ndege wa madoa.
Kuku hakuulizwa.

Nina daftari la duka, la mistari ya hesabu.
Kushoto baba, kulia mama, katikati tarehe.
Si kila kifaranga hutoka na pindo lake:
huyu madoa yamemwagika kama wino,
huyu moshi umeingia mpaka katikati ya mji,
huyu mweupe pe, pindo amelificha damuni,
labda atamtolea mjukuu.
Hao niliwaandika "bado".
Wawili tuliwala Ijumaa, sisemi uongo.

Kisha ikaja habari ya fedha.
Jogoo wa dhahabu nilimpa mtetea wa fedha,
nikangoja siku ishirini na moja,
nikahesabu vifaranga kumi na mmoja walipokauka.
Waliovaa fedha walikua majogoo, wote.
Waliovaa dhahabu, matembe.
Nikarudia. Ikawa vile vile.
Fedha ya mama humwendea mwana wa kiume;
binti huondoka na ya baba tu.

Nilikaa darini na kalamu, jua likinichoma shingo.
Maana mama yangu alikuwa na mafurungu ya fedha, jozi moja,
yaliyofuliwa Mkomani na mtu ambaye jina lake limepotea,
na alipofariki kaka yangu Athmani aliyachukua
akayauza Mombasa kwa bei ya pikipiki.
Miaka tisa sikumwamkia ila mbele ya watu.

Sisemi kwamba kuku wamemtetea.
Furungu si unyoya. Kaka si pora.
Mafurungu yalikuwa na kasha, kasha lina ufunguo,
na mtu mzima aliugeuza akijua.
Nasema tu kwamba niliutazama mkono wangu ulioshika kalamu:
gumba lililopinda, kovu la sindano,
na vile ninavyobana pumzi kabla ya tundu la mwisho.
Baba aliaga akiwa na kofia nusu.
Niliimaliza mimi, ikauzwa,
na mnunuzi hakujua mkono ulibadilika wapi.

Jana Athmani alipanda ngazi akihema.
Hakuomba radhi. Nami sikuwa nimemtayarishia mahali pa kuiweka.
Akawatazama kuku muda mrefu.
"Hawa ni wa nti gani?"
"Wa hapa," nikamwambia. "Sasa."
Nikamchagulia jogoo mmoja wa fedha,
miguu ya manjano, upanga bapa uliolala kichwani,
pindo safi mpaka kwenye paja.
Akamkumbatia kama mtoto wa kuazima,
na jogoo, pale pale, akamnyea kanzu.

Usiku nikafungua daftari.
Nikaandika: ametoka. Rangi, ya mama.