Ukosi

Mimi ndiye niliyemshonea mashati Ensio Luhtala,
miaka thelathini na mmoja. Mashati sikuyahesabu.
Shingo yake sentimita arobaini na mbili,
na sikuwahi kuiandika popote:
vidole vilijua.

Oktoba alikuja na lile la buluu, la kumbi kubwa,
akasema, "Tyyne, nguo zako siku hizi zinapanuka."
Nikamzungushia tepu. Arobaini.
Nikamwambia pamba ya siku hizi haina adabu.
Tukacheka, mwongo
na aliyekubali kudanganywa.

Desemba, thelathini na tisa.
Januari sikupima, nilikata kwa kukisia,
kama mtu akatavyo mkate
wa wageni asiojua idadi yao.

Tampere, ghorofa ya sita, wodi ya mapafu.
Magazeti yaliandika kwamba anapumzika kidogo.
Redio ikampiga asubuhi na jioni,
utadhani sauti ikirudiwa sana
pumzi nayo itarudi.
Muuguzi, binti wa miaka ishirini na ushee,
hakumjua. "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"
"Kuwakutanisha watu," akajibu.
Binti akaandika kwenye fomu: dalali.

Si uongo. Nusu ya wilaya ile
imezaliwa na tango zake za polepole.

Nilipokwenda mara ya mwisho hakusema kitu.
Barakoa ya hewa usoni, macho yamefumbwa,
ila mguu wa kulia chini ya blanketi
ulikuwa kazini bado: moja, mbili,
na ya tatu ikichelewa makusudi,
vile alivyopenda ichelewe.

Alikufa Februari.
Baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
na mimi nyuzi ninazozijua ni za kutunga kwenye sindano.
Ardhi ilimkataa. Siku mbili
waliwasha mashine ya joto juu ya makaburi
mpaka udongo ukalainika, ukapokea.

Raili, mkewe, alisema, "La buluu."
Sikulipunguza. Arobaini na mbili ibaki arobaini na mbili.
Nilikusanya kitambaa kisogoni, nikakibana kwa pini nne,
mbele akawa yule wa kwenye mabango.
Pini zile
zinanichoma mimi.

Ukumbi wa kanisa. Kahawa, mikate ya iliki.
Mchungaji akasoma kadi za rambirambi:
chama cha wapiga kodiani,
madereva wa mabasi ya Lapua,
duka la viatu lililompa jozi ya bure kila msimu,
na moja kutoka Oulu, isiyo na jina:
"Asante kwa ngoma ya mwaka sabini na tisa. Mwenyewe anajua."
Kijiko kimoja kilianguka.
Raili aliinuka, akaichukua ile kadi,
akaikunja mara mbili, akaitia mkobani,
akamalizia kahawa yake.

Juni ndipo tulipomkumbuka hasa,
kwenye banda la dansi kando ya ziwa,
usiku ule wa kwetu usiojua kuingia giza.
Maikrofoni waliiacha kwa kimo chake. Alikuwa mfupi;
kila aliyetoa hotuba aliinama
na hakuna aliyethubutu kuipandisha.
Urho akapiga kodiani, na palipokuwa pa kuimba
akapaacha patupu.
Tulicheza ndani ya ule utupu, kwa uangalifu,
kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa.

Saa nne ikagonga, zamu ya wanawake kuchagua.
Nina miaka sitini na minane. Zamu hii
kwa kawaida naitumia kunywa maji.
Nilikatiza sakafu nzima, viatu vikilia,
nikasimama mbele ya mstari wa wanaume
na kumwinamia mzee nisiyemjua,
mwembamba, mpole, ukosi umemlegea.

Mkono wangu ukapanda begani, ukafika shingoni.
Thelathini na nane.
Sikumwambia.