Kwa Urefu, kwa Upana

Kamwene, akasema, akafungua pindo la kitenge,
mafundo matatu, la mwisho kwa meno.
Edina Kihwele, wa Pomerini,
viatu bado vina udongo wa viazi.

Nilidhani ni kipande cha chupa.
Kisha jua la Julai, lile lisilo na joto,
likapenya kibandani kwangu Miyomboni
na jiwe likalinywa.
Buluu. Si ya mbingu;
ya mwali wa jiko la mafuta,
chini kabisa, pale utambi unapoanza.

«Dalali wa Ilula kasema si yakuti.
Kalikwangua kwa kisu mbele yangu,
likachubuka. Kanipa elfu mbili ya nauli.»

Nikachukua kisu changu.
Kwa urefu: kweli, mstari, unga.
Nikaligeuza. Kwa upana
kisu kikateleza kama ukucha juu ya kioo.
Nikarudia. Kikateleza.
Mama, hii ni kayanaiti.
Dalali alipima upande mmoja, akaondoka.

Nikamweleza ninachokijua, si kingi:
lilikuwa tope, la mfinyanzi tu,
likazikwa, likakandamizwa, likapikwa
bila kuyeyuka, miaka isiyo na wa kuihesabu.
«Tope?» Akatazama viatu vyake.
Akacheka hadi muuza ulanzi wa jirani akachungulia.

Mimi sikucheka. Kulikata ndiyo kazi.
Siku mbili nililiinamia,
maji yakidondoka toka kopo la maziwa,
na kila buluu iliyosagika ikageuka nyeupe,
ikatiririka kama maji ya kuoshea mchele.
Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tak.
Kwa urefu.

Nimechonga vito miaka kumi na tisa.
Bado sijui namna ya kumwambia mtu.

Alikuja Jumamosi. Nikaviweka juu ya gazeti:
kimoja tayari, kinang'aa, kidogo kama njegere;
kingine kibanzi tu, kibichi, chenye ncha.
Hakuuliza bei.
Akachukua kibanzi, akaomba kisu.
Akakwangua kwa upana, polepole,
kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza chungu.
Kikateleza.

«Hicho cha njegere uza, ukate ujira wako.
Hiki kinapanda gari na mimi.»
Alikuwa keshafika mlangoni, akageuka:
«Na yule dalali,
Ilula huwa anakaa siku gani?»