Nikinyamaza, Zima

Mwenye nyumba wangu wa Mwanga hataki waya juu ya bati lake.
"Hapa Kigoma redio zinatutosha," akasema,
akanionyesha ya kwake, ya betri mbili, inayosoma taarifa ya habari.
Sikubishana. Nimeshalipa kodi ya miezi sita.

Basi mlingoti umebaki Tabora, Kiloleni,
nyuma ya jiko la shangazi Kalunde:
mianzi mitatu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
waya wa shaba wa mita ishirini hadi kwenye mlonge wa jirani.
Na mimi niko huku, leseni ukutani,
mpigaji asiye na ngoma.

Siku mbili za likizo nilizimaliza chali chini ya meza yake.
Kompyuta ndogo kama kiberiti. Swichi nne.
Modemu na bando la mwezi. Betri ya gari la Mihayo, gari lililokufa.
Nikaunga, nikaungua kidole, nikaunga tena.
Shangazi alifagia akinizunguka
kama anavyomzunguka kuku anayeatamia.

Nikamweleza: hii ya kuwasha, hii ya kuzima,
hii inakata antena radi ikija.
Na sharti kubwa nimeliandika ndani kabisa:
nikinyamaza sekunde kumi, zima.
Redio isiseme mwenyewe hayupo.
Akasema, "Sharti zuri. Ungemwekea na mjomba wako."

Usiku wa kwanza niliketi kitandani, vipokea sauti masikioni,
nikabonyeza. Kilomita mia nne.
Kimya.
Halafu *ta*: swichi ikaitika, imechelewa kidogo,
kama mtoto aliyesikia akajifanya hakusikia.
Ukaja mvumo wa Tabora,
mashine ya kusaga ya Isevya, taa mbovu ya mtu fulani,
na ndani ya mvumo, shangazi.
Nilisahau kuzima kinasa cha chumbani.
"Umefika?" alikuwa akiiuliza redio.
"Karibu. Mlango nimeuegesha tu."
(Nilipomwambia kuwa nilisikia, akasema kiache hivyo hivyo.)

Mtu wa Beira alinipata saa tatu na nusu.
Tano tisa, sauti safi, akauliza niko wapi.
Swali la kawaida, kila mtu huulizwa.
Kidole kikabaki juu ya kitufe.
Dirishani, harufu ya dagaa wa Kibirizi;
masikioni, treni inapiga honi ikitoka stesheni ya Tabora,
hiyo hiyo itakayonipita hapa kesho, imechoka.
Sekunde sita. Saba. Nane.
"Tabora," nikasema, maana ndiko sauti inakotokea,
"ila mimi mwenyewe nimetoka kidogo."
Beira akacheka. Sijui alisikia nini.

Halafu Novemba.
Mtandao ulianguka kabla ya tone la kwanza.
Nikabonyeza *kata*. Nikabonyeza *kata*. Nikabonyeza
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.
Kwenye kioo, alama moja nyekundu, na nyuma yake
bati, kuku, meza,
mwanamke wa miaka sabini na moja
niliyemsimikia fimbo ya kuita radi karibu na jiko.
Hilo halikuwemo kwenye mchoro wangu.

Ujumbe uliingia saa nane usiku:
"Waya nimeung'oa tangu mawingu yako Sikonge.
Ncha yake nimeitia kwenye chupa ya asali, tupu, ya kioo.
Mashine yako ilikuwa imeshajizima. Ina adabu.
Usipige simu, nimelala."

Asubuhi nikawasha. Redio ikaitika, lakini haisikii kitu,
si Beira, si mashine ya kusaga, si taa mbovu.
Ncha bado imo chupani.
Nikafungua kinasa cha chumbani.
Ufagio.